Mikondo ya maji ya chumvi inapoingia ziwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi, walimu wa sayansi, wavuvi na watu wenye visima majumbani hapa Mombasa huuliza wanaposikia kwamba maji yanaweza kutiririka chini ya maji mengine. Baadhi ya majibu ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni refu.

Kisiwa cha Mombasa hakina ziwa. Mbona mnajishughulisha na maziwa?

Maji mazito hupita chini ya maji mepesi popote yanapokutana, iwe ziwani au baharini. Kila masika mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji matamu katika mkono wa bahari wa Tudor, na Mwache hufanya vivyo hivyo upande wa Port Reitz. Maji ya mto hupita juu, ya bahari yakajipenyeza chini. Mvuvi anayeyajua hayo tayari ana nusu ya elimu inayohitajika kuelewa Ziwa Kivu.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mji huu una kiu ya muda mrefu, na kila ukame ukiuma, mazungumzo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari hurudi. Kazi hiyo huacha maji ya chumvi kali ambayo lazima yamwagwe mahali, na yakishamwagwa hufuata njia ileile tutakayoieleza hapa.

Mkondo wa densiti ni nini hasa?

Ni maji yanayosafiri kwa sababu ni mazito kuliko maji yaliyoyazunguka. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa karibu gramu 1,000. Ya maji ya bahari, karibu gramu 1,025. Tofauti ni asilimia 2.5 tu, na nguvu inayoyasukuma maji mazito ni asilimia hiyohiyo ya nguvu ya uvutano. Ndiyo maana hayaanguki kwa kishindo. Hutambaa, lakini hayaachi kutambaa. Tabaka la maji ya bahari lenye unene wa mita moja likiingia chini ya maji matamu linaweza kwenda karibu nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Lazima maji yawe ya bahari? Chumvi kidogo haitoshi?

Inatosha kabisa, na hapa ndipo wengi hupotea. Gramu moja ya chumvi ikiongezwa katika lita ya maji huongeza uzito wake kwa robo tatu ya gramu hivi. Katika maji yenye joto la pwani yetu, nyuzi 27 au 28, kushuka kwa joto kwa nyuzi moja huongeza uzito kwa kama gramu 0.3 tu. Kwa hiyo gramu moja ya chumvi ina nguvu sawa na kuyapoza maji kwa nyuzi karibu tatu. Chemchemi yenye chumvi ambayo ulimi wako hauioni inaweza kutambaa chini ya ziwa zima.

Chumvi si huyeyuka? Kwa nini maji hayachanganyiki yenyewe?

Huchanganyika, ila kwa uvivu usioelezeka. Chembe za chumvi zikiachwa zisambae zenyewe katika maji yaliyotulia tuli, zitahitaji miaka kama 20 kuenea umbali wa mita moja. Hesabu hiyo ni ya kweli, na ni muhimu kuliko zote katika ukurasa huu. Maana yake ni kwamba ikiwa matabaka mawili yamechanganyika ndani ya saa moja au siku moja, kuna kitu kimeyakoroga. Kitu hicho ni msukosuko: mizunguko ya maji, mikubwa ikizaa midogo, midogo ikizaa midogo zaidi, mpaka maji ya chumvi yanakuwa nyuzinyuzi nyembamba zilizolala bega kwa bega na maji matamu. Umbali uliobaki ukishakuwa mdogo kuliko milimita, zile chembe zivivu humaliza kazi kwa muda mfupi.

Huo msukosuko unatoka wapi, ikiwa ziwa limetulia?

Unatoka kwa mkondo wenyewe, na vyanzo vyake ni viwili. Cha kwanza ni sakafu. Maji yanayosuguana na mchanga, mawe na magugu hutibuka, na mtibuko huo hupanda juu. Cha pili, ambacho mimi naona ndicho kizuri zaidi kutazama, ni mpaka kati ya maji yanayokwenda na maji yaliyosimama.

Mpaka huo hauwezi kubaki laini. Kijongo kidogo kikitokea, maji ya juu hukivuta upande mmoja na ya chini upande mwingine, kikainuka, kikapinda, kikajikunja kama mkeka. Ndani ya mkunjo huo sasa kuna maji mazito yaliyolala juu ya mepesi, hali isiyodumu, na yote huporomoka na kuwa vurugu. Mikunjo hii imepewa majina ya Hermann von Helmholtz na William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, waliolieleza jambo hili katika karne ya 19.

Lakini uzito nao hupinga. Kuinua maji ya chumvi ni kazi, na mkondo lazima uilipe kutoka katika mwendo wake. Wanasayansi hulinganisha pande hizo mbili kwa namba moja iitwayo namba ya Richardson, iliyoandikwa kama sehemu: juu ya mstari ni nguvu ya uzito inayotuliza, chini ya mstari ni tofauti ya kasi inayovuruga. Mwaka 1961 John Miles na Louis Howard walithibitisha kwa hesabu kwamba namba hiyo ikiwa zaidi ya robo kila mahali katika mtiririko, viwimbi vidogo haviwezi kukua. Ikishuka chini ya robo, mlango umefunguka. Mikondo mingi ya asili huishi karibu na mpaka huo: ikiongeza kasi hutibuka na kunenepa, ikishanenepa tofauti ya kasi hupungua, ikatulia, kisha ikaanza upya.

Hata msukosuko wenye nguvu hauwezi kutumia nishati yake yote kuchanganya. Sehemu kubwa hugeuka kuwa joto dogo lisilopimika kwa urahisi; sehemu inayokwenda kuinua maji mazito mara nyingi hukadiriwa kuwa kama moja ya tano au pungufu.

Mkondo hubeba chumvi ileile tangu unapoingia mpaka unapofika chini?

Jumla ya chumvi ni ileile. Ukolevu haubaki ule. Mkondo humeza maji ya ziwa njiani. Tuseme umeingia ukiwa na gramu 35 katika kila lita, na ziwa ni la maji matamu. Ukimeza lita nne kwa kila lita yake moja, unafika ukiwa na gramu 7 tu kwa lita, lakini ukiwa mara tano kwa ujazo. Kwa hiyo anayepima chumvi peke yake akaona imepungua, akafurahi kwamba tatizo limekwisha, amesoma nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba maji yaliyoguswa sasa ni mengi zaidi.

Kiasi kinachomezwa hutegemea ile namba ya Richardson. T. H. Ellison na J. S. Turner walilipima jambo hili maabara na kulichapisha mwaka 1959, na kazi yao bado inatumika. Mkondo mwembamba wenye kasi kwenye mteremko mkali humeza sana. Mkondo mzito unaojikokota kwenye sakafu ya karibu tambarare humeza kidogo mno, na unaweza kwenda mbali ukiwa na chumvi yake karibu yote. Mahali ambapo mteremko mkali unaishia ghafla kwenye tambarare, mkondo huvimba na kupunguza mwendo kwa pigo moja, na hapo pia maji hukorogeka sana.

Basi mteremko ukiwa mkali, mkondo hukimbia zaidi?

Ungetarajia hivyo, na jibu huwashangaza watu. Kichwa cha mkondo, yaani ile sehemu nene ya mbele inayosukuma maji ya ziwa, huenda kwa kasi ambayo karibu haijali mteremko. Rex Britter na Paul Linden walionyesha hivyo mwaka 1980 kwa miteremko ya kuanzia nyuzi chache hadi ukuta wa wima. Uvutano unaoongezeka kwenye mteremko mkali huliwa na kazi ya kumeza maji mengi zaidi na kuyapa mwendo. Kinachoamua kasi ni kiasi cha maji mazito kinachomwagika na tofauti ya uzito. Hata ukizidisha hizo mbili na jibu likawa mara nane ya lile la awali, kasi ya kichwa huongezeka mara mbili tu.

Mkondo hufika chini kabisa kila mara?

Hapana. Maziwa mengi yenyewe yana matabaka, ya chini mazito kuliko ya juu. Mkondo ukimeza maji njiani huwa mwepesi, na ukifika kina ambapo uzito wake umelingana na wa maji yaliyopo, huachana na sakafu na kujipenyeza katikati ya ziwa kama ulimi mwembamba. Hivyo msukosuko wa mita mia za kwanza ndio unaoamua kama chumvi italala sakafuni au itaenea katikati. Anayetaka kutabiri hali ya ziwa bila kujua kilichotokea mlangoni anabahatisha.

Nimesikia Kivu ina maji ya moto chini na hayapandi. Inawezekanaje?

Chumvi inayashikilia. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na chemchemi zilizo chini ya maji huliingizia maji yenye chumvi na gesi. Maji ya vilindini yana joto la karibu nyuzi 26, zaidi ya yale ya katikati, na kwa joto peke yake yangepanda. Chumvi na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake huyafanya mazito kiasi cha kubaki chini kwa mamia ya miaka.

Joto husambaa majini kwa kasi ya karibu mara 100 kuliko chumvi. Kwa hiyo joto hutoroka kwenda juu na kuiacha chumvi nyuma, na maji hujipanga yenyewe kuwa ngazi: tabaka lililochanganyika vizuri, kisha mpaka mwembamba sana, kisha tabaka jingine. Kivu ina mamia ya ngazi hizo, nyingi zikiwa na unene usiofika mita moja. Ndani ya kila ngazi kuna mkorogo mdogo, lakini ziwa kwa ujumla limetulia.

Utulivu huo ndio unaozuia gesi isipande. Mwezi Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa kaboni dayoksaidi ghafla usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kwa majirani zetu wa Goma na Gisenyi, miji iliyo ukingoni mwa Kivu, kujua jinsi maji yanavyochanganyika vilindini ni suala la uhai.

Mkondo wa chumvi unawadhuru samaki?

Chumvi yenyewe huwadhuru wale wa maji matamu wasioizoea, lakini madhara makubwa huja polepole kupitia hewa. Tabaka zito likishalala chini na kusimama, oksijeni ya juu haiwafikii viumbe walio huko. Majani, uchafu na samaki waliokufa huzama, huoza, hula oksijeni iliyobaki, kisha huja harufu ya mayai viza. Samaki hawezi kukaa hapo. Ziwa Maracaibo la Venezuela liko hivyo: mlango wake wa bahari ulichimbwa katikati ya karne ya 20 ili meli kubwa zipite, maji ya bahari yakaingia kwa wingi zaidi, yakalala vilindini, na oksijeni ikaisha huko. Meli zilipita salama, ziwa likalipa gharama.

Huko Marekani kaskazini, kwenye baridi, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huoshwa na kuingia maziwani, na imewahi kuzuia baadhi yake yasichanganyike majira ya kuchipua kama yalivyozoea.

Nani wa kwanza kuligundua jambo hili?

Wavuvi. Wale wa Istanbul walijua zamani kwamba katika mlango wa Bosporus nyavu zilizoshushwa chini huvutwa kwenda upande wa Bahari Nyeusi wakati maji ya juu yanakwenda kinyume. Mwitalia Luigi Ferdinando Marsigli aliyachukua maneno yao kwa uzito, akapima uzito wa maji ya juu na ya chini, na katika mwaka 1681 akachapisha matokeo pamoja na jaribio la sanduku lililogawanywa kwa ukuta wenye matundu: maji mazito yalipita tundu la chini, mepesi la juu. Miaka 200 baadaye, Mswisi François-Alphonse Forel alieleza kwamba maji baridi yenye matope ya mto Rhône huzama yakiingia Ziwa Léman (Ziwa Geneva) na kutiririka kwenye korongo lililo chini ya maji.

Nawaambia wanafunzi wangu hivi: ukitaka kujua maji ya chini yanakwenda wapi Tudor au Kilindini, anza kwa kumuuliza mtu anayeshusha nyavu pale.

Matope ya Sabaki nayo huzama?

Yale maji ya kahawia yanayoonekana Malindi wakati wa mvua huelea. Gramu moja ya udongo katika lita huongeza uzito kwa kama gramu 0.6. Ili maji ya mto yawe mazito kuliko bahari, yangehitaji gramu 40 hivi za udongo kwa kila lita, na huo ni uji mzito kuliko kawaida ya mito. Mto huohuo ukiingia ziwa la maji matamu, gramu moja au mbili tu zingeuzamisha. Tofauti ni kwamba udongo hutua njiani na mkondo hupoteza uzito wake. Chumvi haitui.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu hauwezi kukoroga ziwa mpaka chini?

Tabaka jembamba, ndiyo. Kazi ya kuchanganya matabaka mawili yenye unene sawa huongezeka kwa mraba wa unene huo: unene ukiwa mara mbili, kazi ni mara nne. Upepo unaofuta tabaka la mita moja kwa siku chache unaweza kushindwa kabisa na la mita kumi.

Hapa kwetu mkorogaji mkubwa ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3 na mikondo mikali huvuruga matabaka. Wakati wa maji mafu matabaka hujirudi. Ziwa halina msaidizi huyo.

Mzunguko wa dunia unaathiri?

Katika maziwa makubwa na kwa mikondo inayodumu siku nyingi, ndiyo. Hupindisha mkondo na kuugandamiza ukingoni. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, ambapo athari hiyo huchukua karibu siku 7 kukamilisha duru moja. Mkondo wa saa chache hautaiona.

Kisima changu Kisauni kimeanza kuwa cha chumvi. Ni mambo haya haya?

Uzito ni uleule, msukosuko haupo kwa kiasi hicho. Ndani ya mwamba wa matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake, kwa sababu ya ile tofauti ya asilimia 2.5. Ukivuta kwa pampu ukashusha usawa kwa nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda kwa mita 20. Vuta kidogokidogo, na usichimbe zaidi ukidhani maji matamu yako chini.

Maji ya chumvi kali ya mtambo wa kuondoa chumvi yamwagwe wapi?

Mtambo unaotoa lita moja ya maji matamu kwa kila lita mbili za maji ya bahari huacha lita moja yenye chumvi karibu mara mbili, kama gramu 70. Yakimwagwa polepole kwa bomba moja ufuoni, yataenda sakafuni kama mkondo mzito unaomeza maji kidogo, yafuate bonde la chini, yajae mashimo, na kukaa juu ya nyasi za bahari na matumbawe. Yakitolewa kwa kasi kupitia matundu mengi madogo yanayoelekezwa juu, kwenye maji ya wazi yenye mikondo, msukosuko wa kutoka tunduni huyapunguza makali ndani ya mita chache za kwanza.

Msimamo wangu ni huu: yasimwagwe ndani ya Tudor, Port Reitz wala Mtwapa, kwa gharama yoyote itakayookolewa kwa kufupisha bomba. Mikono hiyo ni mirefu, vilindi vyake vimefungwa kwa sehemu, na mikoko yake ni kitalu cha samaki wa mji huu. Anayeleta mpango aonyeshe vipimo vya sakafuni wakati wa maji mafu, siku ambazo mkorogo ni hafifu kuliko zote. Vipimo vya juu siku ya bamvua havimwambii mtu kitu.

Naweza kuwaonyesha wanafunzi darasani?

Ndiyo, na gharama yake ni ndogo. Tafuta tangi la kioo la samaki lenye urefu wa sentimita 60 au zaidi na kipande cha plastiki kinachoziba katikati vizuri. Jaza pande zote mbili maji ya joto sawa, kina cha sentimita 20. Upande mmoja koroga vijiko viwili vikubwa vya chumvi kwa kila lita na rangi ya chakula. Subiri maji yatulie, kisha vuta kizibo kwenda juu kwa mkono thabiti. Mkondo wa rangi utakwenda kama sentimita 10 kwa sekunde, kwa hiyo urekodi kwa simu na uucheze polepole. Utaona kichwa kilichovimba, na nyuma yake ile mikunjo ikijiviringisha.

Halafu rudia kwa robo ya chumvi. Kasi itashuka hadi nusu, si hadi robo. Waache wanafunzi wabishane kwanza kabla ya kuwapa sababu: kasi hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya uzito. Halafu weka kokoto sakafuni na urudie tena. Rangi itachafuka zaidi na kichwa kitachelewa.

Nikitaka kupima mahali halisi, nianze na nini?

Kifaa kinachopima joto na upitishaji wa umeme wa maji kinaposhushwa kwa kamba ndicho bora, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi. Bila hicho, chupa yenye uzito na kizibo kilichofungwa kamba ya pili itakufaa: ishushe ikiwa imezibwa, king'oe kizibo kwenye kina unachotaka, subiri ijae, vuta juu taratibu. Chukua maji ya juu, ya katikati, na ya nusu mita kutoka sakafuni. Andika kina, saa, na hali ya maji, yanajaa au yanapwa. Mkondo mwembamba wa sakafuni ni rahisi sana kuukosa, na watu wengi wameandika kwamba maji ni matamu kwa sababu tu kamba yao ilikuwa fupi.